Bagamoyo tule wapi: hoteli ya ufukweni, soko la samaki au mgahawa wa mjini?

Wikiendi ndefu ikikaribia maswali ni yale yale. Watu wanatoka Dar wanakuja Bagamoyo, wengi mara ya kwanza, na hawaulizi wataona nini maana magofu ya Kaole yapo, Misheni ya kale ya Wakatoliki ipo, Boma la Wajerumani lipo. Wanauliza tutakula wapi, na ile meza ya hoteli pale ufukweni, karibu na magofu na majumba ya kale, inastahili hela yake kweli? Najibu kwa urefu kwa sababu naona watu wanaumia pande zote mbili. Kuna anayelipa hela nyingi akaondoka amenuna, na kuna anayebana hela mpaka anamkalisha mama mkwe kwenye benchi la mbao juani karibu na ndoo ya matumbo ya samaki, na wote wawili tatizo lao ni moja tu, walichagua jina la mahali kabla hawajajua wanataka kununua nini.

Maana jambo la kwanza la kuelewa kuhusu Bagamoyo ni kwamba samaki kwa sehemu kubwa ni yule yule. Anashushwa pale pale sokoni kando ya jengo la kale la forodha la Wajerumani, na mchuuzi anayepeleka hotelini anasimama mnada mmoja na mama anayekaanga pembeni. Kwa hiyo ukilipa mara tatu au mara nne hulipii samaki mwingine, unalipia kiti, kivuli, choo safi, meza isiyogombaniwa, mpishi aliyesomea na bahari mbele yako. Hivyo vitu vina thamani na mimi sisemi ni wizi hata kidogo. Cha kujiuliza ni kama wewe, siku hiyo, na watu uliofuatana nao, mnavihitaji.

Na hili swali sio letu peke yetu. Pale Paris kuna mgahawa wa Le Jules Verne ghorofa ya pili ya Mnara wa Eiffel, mita 125 juu, una lifti yake wenyewe, na anayekwenda anajua kabisa kwamba sehemu kubwa ya bili ni ule mnara. Toronto hesabu inakuwa tofauti, ukila mlo kamili kwenye mgahawa wa juu wa CN Tower kiingilio cha mnara kinakuwa kimo humo humo, hivyo kuna hela umeokoa. Hapa jirani kwenye maji kuna The Rock, Pingwe, Unguja, mgahawa uko juu ya jiwe, maji yakipwa unatembea kwa miguu na yakijaa unapelekwa kwa boti. Kote huko mahali penyewe hupapati bure. Bagamoyo haiko hivyo. Ufukwe hauna kiingilio, unautembea bure kutwa nzima, na kula hotelini hakukupi tiketi ya Kaole wala ya makumbusho ya Misheni, kule unalipa getini kivyake. Hiyo iweke kichwani kabla hujafungua menyu.

VIGEZO KWANZA

Nalinganisha kwa mambo matano. Hela, na hapo nina maana bili nzima na vinywaji na bodaboda ya kwenda na kurudi, sio bei ya sahani peke yake. Ladha na ubichi wa chakula. Muda wa kusubiri. Mahali penyewe, yaani mandhari, kivuli, choo, kelele. Halafu nani umekuja naye, na hiki cha tano ndicho kinachoamua kuliko vyote, ila watu wanakifikiria mwisho.

1. HOTELI YA UFUKWENI

Hela. Sahani ya samaki kwenye hoteli za kitalii mara nyingi inaanzia kama 20,000 na kupanda, kamba wakubwa na kambakochi wanakwenda mbali zaidi. Lakini bili huvimba kwenye vinywaji, soda ya dukani ya 1,000 pale unaweza kuikuta 3,000, na mkiwa watu sita mnakunywa mbili mbili piga hesabu mwenyewe. Kabla hujaagiza uliza vitu viwili kwa ustaarabu tu: bei ya menyu imeshajumlisha VAT? Na kuna pesa ya huduma inaongezwa juu? Kama mna watoto uliza na bwawa, kwa sababu hoteli hazifanani, kwingine ukila unaogelea, kwingine bwawa lina malipo yake. Watoto wakikaa bwawani kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 10 jioni wakati wazazi mmekaa kivulini, ile bili sio ya chakula tena, ni ya siku nzima, na hapo hoteli inaanza kuonekana rahisi.

Ladha. Wako vizuri kwenye vitu vya jiko lenye vifaa, samaki mzima wa kuchoma, kamba wa siagi na kitunguu saumu, ngisi waliokaangwa wakatoka laini. Kwenye vyakula vyetu wanapwaya, wali wa nazi unakuja mwepesi na pilipili inapunguzwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo ukitaka ukali sema mapema. Ubichi unategemea siku. Wikiendi watu ni wengi na samaki anatembea, katikati ya wiki anaweza kuwa amelala kwenye friza. Muulize weita, "kaka, leo mmepata samaki gani?" Akikujibu changu, kolekole, au akasema leo hakuna samaki mzima ila pweza wapo, huyo anajua jiko lake lina nini. Akikujibu "wote wapo" hapo mimi naagiza kuku.

Kusubiri. Saa nzima ni kawaida, na saa moja na nusu sio ajabu mkiwa kundi, kwa sababu wengi wanaanza kupika ukishaagiza. Dawa yake ni simu. Piga asubuhi, agiza, sema mtafika saa ngapi.

Mahali. Hapa ndipo penye maneno, kwa sababu hiki ndicho unachokilipia na ndicho watu wasichokikagua. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare sana, maji yakipwa yanakwenda mbali mno, unabaki unaangalia mchanga wenye tope, ngalawa zimelala ubavu, na bahari ni mstari wa buluu kule mbele. Mtu wa pwani anaona ni sawa tu, bahari iko hivyo, lakini mgeni aliyelipia "meza ya baharini" anajiona kaibiwa. Sasa angalia mwezi kwenye kalenda. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa 4 na saa 5 asubuhi, halafu yanajaa mnamo saa 10 na saa 11 jioni. Maana yake ukiweka meza ya saa 6 mchana siku za bamvua utakula ukiangalia tope, ukiiweka saa 10 jioni unakuta mawimbi yako karibu na miguu yako. Siku zingine inasogea, karibu dakika 50 kila siku, na siku za maji mafu hayajai sana wala hayakauki sana. Muulize mvuvi yeyote atakwambia bila kuangalia saa.

Jambo lingine, jua. Watu wanapanga chakula cha jioni "tuone jua likizama baharini", na picha za Unguja na Ulaya ndizo zimewaingia kichwani. Bagamoyo inatazama mashariki. Jua linazama nyuma yako, kwenye minazi na nyumba za mjini, baharini linachomoza. Kwa hiyo mwenye hela ya kifungua kinywa hotelini saa 12 na nusu asubuhi ndiye anayepata mandhari yenyewe. Na kwa jioni usiku wa kulipia ni usiku wa mwezi mpevu, mwezi unachomoza juu ya maji muda ule ule jua linazama mgongoni, mkubwa, mwekundu kidogo, unapanda taratibu na mwanga unatanda majini mpaka ufukweni. Kwa usiku huo mimi ningelipa bili ya hoteli bila kunung'unika.

Kumbuka na upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni mpaka Agosti, meza ya nje inarusha vitambaa na mchanga kwenye chakula, omba meza ya ndani ya banda mapema.

Inamfaa nani? Wapenzi kwenye siku yao, wazee wanaohitaji kiti chenye mgongo na choo cha karibu, familia yenye watoto wadogo kama bwawa limo, mgeni wa nje ambaye tumbo lake bado halijazoea, na mtu anayetaka bia na chakula chake kwa utulivu.

2. SOKO LA SAMAKI

Hela. Nafuu kuliko zote, kwa mbali. Kipande cha kukaanga unaweza kuanzia 2,000, samaki wa saizi ya kushiba mtu mmoja 5,000 au zaidi kidogo kutegemea siku, muhogo au chipsi na kachumbari juu. Lakini bei inafuata bahari. Kusi likichafuka mashua ndogo nyingi hazitoki, samaki wanakuwa wachache na bei inaruka, na usimlaumu mama mkaangaji kwa hilo, naye kanunua mnadani asubuhi ile ile.

Ladha. Samaki aliyetoka majini leo, akatiwa chumvi na ndimu, akazamishwa kwenye mafuta ya moto. Mimi sijui hoteli inayoweza kumshinda huyo kwa ubichi. Mnada wenyewe usikose kuuona: samaki wanamwagwa chini kwa mafungu, dalali anasimama juu yao anataja bei kwa kasi bila kupumua, wanunuzi wanapandisha kwa kuinua kidole au kutikisa kichwa tu, na kabla mgeni hajaelewa fungu limeshauzwa na kijana keshaliingiza kwenye tenga. Ukitaka unanunua wako mwenyewe, macho yake yang'ae, matamvua yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi, unampa kijana anayepara hapo pembeni, halafu unampelekea mama anakukaangia kwa hela kidogo. Maongezi yake ni mafupi.

"Shikamoo mama, huyu tasi utanikaangia kiasi gani?"

"Marahaba mwanangu, elfu moja tu, na ndimu nakuwekea. Nikukaushie au umpende laini?"

Mwambie akukaushie. Cha kuangalia kwa makini ni mafuta, yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyochacha na yanatoa moshi mzito nenda karai linalofuata, wapo wengi na hakuna anayekasirika. Udhaifu wa sokoni ni kwamba mboga za majani ni nadra na mapishi ni mamoja, kukaanga. Ukitaka mchuzi wa nazi umekosea mlango.

Kusubiri. Dakika chache kama unachagua aliyekaangwa tayari, kama nusu saa ukinunua mbichi. Ila nenda na saa ya mashua, ukifika kabla hazijarudi unakuta meza tupu, ukichelewa sana jioni unakuta mabaki.

Mahali. Tuseme ukweli. Harufu ni ya soko la samaki, chini kuna maji, nzi wapo, benchi ni za kugombania, choo sio cha kukitegemea. Na hapo hapo uko katikati ya historia kuliko meza yoyote ya hoteli, jengo la forodha liko pembeni yako na Mji Mkongwe uko hatua chache nyuma. Mashua zinapakuliwa kama zilivyopakuliwa enzi Bagamoyo ilipokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, kabla Wajerumani hawajahamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Hayo hulipii hata shilingi. Mavazi tu uwe na adabu, huu ni mji wa watu wanaosali, usipite sokoni na nguo ya kuogelea.

Inamfaa nani? Vijana, wanafunzi, wapenda samaki hasa, mgeni anayetaka kuona watu wanavyoishi, kundi la marafiki lenye bajeti ndogo na muda mwingi. Haimfai mwenye mimba anayesumbuliwa na harufu, wala bibi wa miaka 80 mchana wa kaskazi.

3. MGAHAWA MDOGO WA MJINI

Hii njia wageni wengi wanaipita bila kuiona, na ndiyo wenyeji tunaitumia siku zote. Ni migahawa na akina mama lishe walioko mitaa ya Mji Mkongwe na kuelekea stendi, wengine kibarazani, wengine chumba kimoja chenye meza nne na feni.

Hela iko kati kwa kati, lakini karibu zaidi na sokoni kuliko hotelini, na soda ni bei ya dukani au inazidi kidogo.

Ladha, hapa ndiko kwenyewe kwa chakula cha pwani. Wali wa nazi uliokolea, samaki wa kupaka, mchuzi wa pweza, maharage ya nazi, mchicha, asubuhi chapati na vitumbua na supu. Ninavyojua mimi, mtu aliyekuja Bagamoyo akala chipsi na kuku hotelini akaondoka bila kugusa samaki wa kupaka, hajala Bagamoyo. Tatizo ni kwamba vyakula vizuri vinaisha, saa 8 mchana sufuria ya wali wa nazi inaweza kuwa tayari iko chini. Pita asubuhi ukienda zako Kaole, mwambie mama "tutakuwa watano saa 7, tuwekee samaki wa kupaka," na kama ni wengi acha kianzio. Atakupikia kwa moyo wote.

Kusubiri hakuna, chakula kimeshaiva. Ijumaa zingatia muda wa swala ya mchana. Mwezi wa Ramadhani mchana mingi inafungwa, na hapo hoteli ndiyo inabaki ya kutegemea kwa asiyefunga, lakini jioni mambo yanageuka, futari ya mjini ina magimbi, mihogo ya nazi, viazi, tambi, uji na tende kwa bei ambayo hoteli haiwezi kuikaribia.

Mahali: huoni bahari. Unaona mtaa, milango ya kuchonga, watoto wa madrasa wanapita, wazee wako barazani na bao lao. Choo kagua kabla hujakaa.

Inamfaa nani? Familia ya watu wazima, mtu wa kazi aliyekuja kikao, anayetaka kula vizuri akaendelea na safari, na mgeni ambaye kilichomleta ni chakula chenyewe.

KWA HALI YAKO SASA

Una siku moja tu na unataka kuona vitu vingi: anza Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali, ni kama kilomita 5 kusini ya mji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, na usitegemee kupata msosi wa maana kule. Rudi mjini ule mgahawani saa 7, halafu Boma na Caravanserai, kile kituo cha kale cha misafara, umalizie Misheni upande wa kaskazini, ile iliyoanzishwa mwaka 1868 na ulikolala mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, mwaka 1874 kabla haujavushwa kwenda Unguja. Meza ya hoteli kwenye ratiba hii itakula saa mbili zako.

Umeleta wakwe au wazazi: hoteli, lakini agiza kwa simu, na uwapitishe sokoni wauone mnada kwanza wakiwa na nguvu asubuhi. Kama bajeti haifiki, mgahawa wenye feni ulioagiza mapema unawaheshimu kuliko hoteli ambayo wewe umekaa unahesabu soda za watu.

Mmekuja wawili na ni siku yenu: angalia mwezi. Ukiwa mpevu lipa chakula cha jioni ufukweni. Ukiwa hauko, gawanyeni, kuleni sokoni au mjini mchana mshibe, halafu nendeni hotelini jioni kwa kinywaji na sahani moja ya ngisi mle wote, mnapata kiti kile kile na upepo ule ule kwa sehemu ndogo ya bili.

Kundi la ofisi la watu 20 au zaidi: hoteli au mgahawa wa kuagiza siku mbili kabla, sokoni kundi hilo halikaliki. Mpatane bei ya mtu mmoja kwa jumla, vinywaji ndani, na mpewe kwa maandishi hata ya ujumbe wa simu.

Mgeni kutoka nje ya nchi mwenye siku mbili: siku ya kwanza hoteli azoee, siku ya pili mjini kwenye samaki wa kupaka, na sokoni ampeleke mwenyeji anayejua karai la kuchagua.

Na kama una elfu 10 mfukoni na nauli yako ya kurudi iko pembeni, nenda sokoni mashua zikirudi, nunua tasi wako, kaa kwenye kivuli cha kwanza utakachokiona, kula taratibu.